Chumvi Katika Pindo la Koti

Jumatatu, 3 Juni
Daktari kasema figo zangu zimechoka na hazitarudi ujanani. Tuzitunze hapo zilipofikia: chumvi kidogo mno, presha ishuke, nitembee kila jioni, na vile vidonge vyangu vya mgongo nisiviguse tena. Vipimo vya wiki mbili zijazo vikiwa vibaya zaidi, tutaanza kuzungumzia mashine ya kusafisha damu. Nimeogopa, sifichi. Kufika nyumbani, mke wangu keshafungia chumvi kabatini. Na mwenye duka pekee la mtaani ni shangazi yake! Nimezingirwa.

Jumanne, 4 Juni
Fundi cherehani hakosi pa kuficha kitu! Kinyozi wa mlango wa pili anahama, kaniachia mfuko wa chumvi. Nimeishonea ndani ya pindo la koti la shemeji, ambalo hajalifuata tangu mwaka jana. Akili ninazo.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji kalifuata koti! Mimi nilikuwa chooni, mke wangu, dada yake, akamkabidhi. Naye ana figo mbovu, ila yeye ni mgonjwa wa mfano: hupima presha asubuhi na kututangazia ukoo mzima. Kapiga simu kunisifu. Eti pindo linaanguka vizuri ajabu, atalivaa kila jioni kwenye matembezi yake.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemfuata, mkasi mfukoni. Anatembea utadhani anadaiwa! Kwenye kona ya posta nikamfikia, nikainama, akageuka. Nikamwambia nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Jumatatu, 10 Juni
Kila jioni namfukuzia, kilima kizima. Sijaonja hata punje. Jana niliongeza sahani ya mboga zisizo na chumvi, ni njaa ya mbio tu. Mke wangu kamweleza shangazi yake kuwa nimebadilika, huku akifuta machozi. Sikuona sababu ya kumkatiza.

Jumatatu, 17 Juni
Vipimo! Presha imeshuka. Figo ziko palepale, hazijaporomoka. Habari ya mashine haipo! Nimekaa kwenye benchi la korido nikalia kama mtoto, mke wangu kanishika mkono, naye analia. Sijawahi kupumua vizuri hivi. Daktari kauliza siri yangu. Nikajibu: nidhamu.

Jioni shemeji kaleta koti. Kutembea kumemkondesha, linampwaya, anataka nilipunguze. Pindo halijaguswa. Chumvi yangu imerudi, salama salimini!

Safari hii sirudii ujinga wa kuificha kwenye nguo ya shemeji. Leo hospitalini daktari kanipa suruali yake niikunje miguu. Nani atathubutu kupekua suruali ya daktari? Nimeshaishonea humo, mguu wa kulia na wa kushoto. Kasema hana haraka nayo.