Jinsi Baba Pacha Alivyoteua Regileta

Enyi mlioketi vitini na mliosimama mlangoni, nipeni masikio yenu; zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Nataka kuwasimulia tendo kubwa la mtu wa kimo cha kawaida, fundi wa lifti kwa kazi, mume wa mkunga, mzazi wa mabinti wawili waliozaliwa siku moja, ambaye kwa ajili ya mabinti hao watu wote humwita Baba Pacha. Sina habari za ngome zilizoanguka wala falme zilizopinduliwa, kwani hizo zina wasimulizi wa kutosha. Nina habari za Ijumaa ile shujaa huyu alipoingia dukani mikono mitupu na akatoka na regileta.

Regileta, kwa asiyejua, ni chombo kinachofungwa juu ya mtungi wa hewa wa mpiga mbizi. Ndani ya mtungi hewa imeshindiliwa kwa nguvu ya kupasua kifua. Regileta huituliza, ikaipitisha kwenye mpira, ikamfikia mtu mdomoni kwa upole, naye akaendelea kuishi huko chini ya maji kama yuko sebuleni kwake. Ni binamu wa ile iliyo juu ya mtungi wa gesi jikoni, ila ile ya jikoni ikigoma mtu hukosa chai tu.

Baba Pacha na mkewe walijiunga na chama cha wapiga mbizi siku moja, kwa shauri la mke, kwa kuwa mkunga yule alitafuta mahali ambapo kwa dakika arobaini hakuna binadamu awezaye kumwita. Wakazama pamoja mara sita, wakitazama samaki wadogo na kushikana mikono pasi na mtu wa kuwacheka. Katika mara ile ya sita, regileta ya kuazima ya chama, iliyokwisha kupita katika vinywa vya vizazi vitatu, ilipitisha maji, na Baba Pacha akanywa kiasi cha kikombe kizima cha chumvi. Akatoka juu, akapanda gati, akasimama mbele ya umma wa watu tisa waliolowa, akanena: "Nisikilizeni nyote. Kuanzia leo sivuti tena hewa ya kuazima. Nitashuka na regileta yangu mwenyewe, au sishuki kabisa." Watu tisa wakapiga makofi, kwani hawakujua kwamba angetimiza neno lake kwa kutoshuka kabisa muda wa miezi saba.

Kosa lake lilikuwa hili: hakutafuta regileta ya maji aliyoyazoea, ambayo kina chake kilikuwa mita kumi na mbili. Alitafuta regileta ya yule Baba Pacha ajaye, Baba Pacha wa mapangoni, wa chini ya barafu, wa mitungi miwili mgongoni na mingine miwili ubavuni, atakayeshuka mita mia moja ndani ya meli iliyozama na kurejea bila kutikisika. Kwa ajili ya mtu huyo ambaye hakuna aliyewahi kumwona, alichora jedwali nyuma ya fomu za ukaguzi wa lifti, lenye safu ishirini na tatu: uzito, idadi ya matundu, pistoni au kiwambo, kufungwa kwa hesi kama parafujo au kwa kibano, na kuendelea. Mchana wakati wa mapumziko, mkate mkono mmoja na simu mkono mwingine, aliingia katika majukwaa ya mtandaoni na kupigana na majemadari wa huko, mmoja wao akijiita Kilindi, aliyeponda kila regileta iliyowahi kutengenezwa, na ambaye tulikuja kuambiwa baadaye kwamba hajawahi kulowa kupita magotini.

Mke naye alizama kila Jumamosi na vifaa vya kuazima, akifika mara thelathini na moja, na mwenzake wa majini akawa kinyozi mmoja mwenye mapafu mapana na tabasamu pana zaidi. Baba Pacha aliketi gatini na jedwali lake. Kila walipoibuka wale wawili wakicheka, aliongeza safu.

Hatimaye Jumanne moja, mezani, mkunga alisogeza kando karatasi zile ili apate pa kuweka sahani, akasema maneno yaliyoanzisha vita.

"Baba Pacha, Jumamosi hii mwalimu anaandika watu wawili wawili kwa kozi ya mwaka mzima. Akishaandika hakuna kubadilishana. Kama bado utakuwa unasoma, mimi naandikwa na kinyozi."

"Kinyozi ana regileta ya kibano, Mama Pacha. Ya pistoni. Hata kizuizi cha maji baridi haina."

"Kinyozi ana Jumamosi," alisema mkewe, akapakua wali.

Mwaka mzima. Shujaa hakulala vizuri siku zile, nasema ukweli wake wala simfichi. Alimpenda mkewe, na mahali pekee walipowahi kuwa wawili tu, bila simu ya zahanati wala kelele za watoto, palikuwa chini ya maji, na sasa pale mahali pangekuwa pa mtu wa kunyoa ndevu. Basi Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akalikunja jedwali, akaliweka mfuko wa kifuani upande wa moyo, na akaushambulia mtaa wa maduka ya vifaa kwa mwendo wa haraka.

Dukani alikuwamo Mzee Mapovu, muuzaji na fundi kwa pamoja, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini, ameinama juu ya meza iliyojaa springi ndogo na pete za mpira. Kando ya meza palikuwa na beseni la maji la kupimia, na ukutani zilining'inia regileta mbili zilizosalia baada ya miezi saba ya mchujo. Ya kwanza ilikuwa Mng'aro: nyepesi, ya rangi ya dhahabu, yenye shingo inayozunguka, iliyopimwa mita mia mbili. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nene, haina jina la utani, na ungeiona bafuni kwa mtu ungedhani ni koki.

Baba Pacha akasimama katikati ya duka, akahutubia. "Mzee wangu, nimekuja kwa ile ya dhahabu. Miezi saba nimezipima zote, moja baada ya nyingine, na hii imezishinda. Siku nitakapoingia mapangoni, siku nitakapoikanyaga sitaha ya meli iliyolala gizani, nataka niwe na kitu kisichonirudisha nyuma."

"Karibu, mwanangu," alisema Mzee Mapovu, bila kuinua kichwa. "Umeshazama mara ngapi?"

"Sita."

"Mpaka wapi?"

"Kumi na mbili." Kisha akaongeza, "Na nusu."

Mzee akabadilisha miwani. "Wewe si ndiye unayetengeneza lifti za jengo la posta? Sasa niambie. Mtu ana nyumba ya ghorofa mbili, anakuja kwako anataka lifti ya ghorofa arobaini, kwa sababu ipo siku atajenga. Unamwambiaje?"

Lo, pigo hilo. Baba Pacha alilijua jibu, kwa maana alikuwa ameshawajibu watu wa namna hiyo, na wakiondoka yeye na wenzake hucheka mpaka wakashika mbavu. Akajibu kwa sauti ndogo: "Namwambia ajenge msingi mzito, aache shimo lenye nafasi. Lifti aweke ya ghorofa mbili. Na iwe ya aina ambayo fundi wake yuko mjini."

"Basi umeshachagua, unanisumbua tu. Hii ya kijivu inafungwa kwa hesi, hata kwenye mitungi mikubwa ya huko unakotaka kwenda. Maji baridi hayaingii ndani yake. Matundu haya manne ya kuongezea mipira nimeyaziba kwa vizibo. Siku ukikua, tunavitoa. Ukitaka mitungi miwili, unakuja kuchukua ndugu yake. Ikiharibika naifungua hapa, mchana mmoja. Ile ya dhahabu naipeleka kiwandani kwa ndege, unaisubiri miezi mitatu."

Hata hivyo shujaa hakuweka silaha chini upesi. Akatoa jedwali, akalitandaza juu ya springi, akataka wapitie safu zote. Mzee akazipitia kwa kidole, ishirini na tatu, kwa subira ya ajabu. Kisha akauliza, "Hao wa mapangoni unaowasoma, hawakukuambia kuhusu mpira mrefu?"

"Wameniambia. Mita mbili. Ndio ninaovutia mimi."

"Unavutia wewe mpaka mwenzako aishiwe hewa. Hapo unautoa mdomoni mwako unampa yeye, kwa sababu ndio unaojua hakika kwamba unafanya kazi, na wewe unachukua kile kinywa kidogo cha akiba kinachoning'inia kidevuni. Sasa hapa nimeona uzito, nimeona rangi. Huyo mwenzako yuko safu ya ngapi?"

Baba Pacha akatazama jedwali lake kutoka kushoto hadi kulia, akarudia kutoka kulia hadi kushoto. Katika miezi saba ya elimu hakuwa amewahi hata mara moja kuuliza ni nani angeivuta hewa ile siku ya hatari. Akachukua simu, akampigia mkewe, ambaye zamu yake ilikuwa inaisha zahanati ya mtaa wa pili.

"Mama Pacha, nakuomba uje dukani uvute pumzi."

"Tangu asubuhi nawaambia watu wavute pumzi. Huko nani anazaa?"

Lakini alikuja, na viatu vyake vya kazini, akakaa kwenye stuli. Mzee akafunga Mng'aro kwenye mtungi. Mkunga akavuta mara tatu, akautoa mpira mdomoni. "Hii inanisukumia hewa. Kama mtu anayenimalizia sentensi." Mzee Mapovu akapata ghafla springi ya kuitafuta chini ya meza.

Akafunga ya kijivu. Mkunga akavuta, akafumba macho, akavuta tena kwa namna ya mtu ambaye kazi yake ni kuzisikiliza pumzi za wengine. Mabega yakamshuka. "Hii," alisema.

"Ile imepimwa mita mia mbili, Mama Pacha."

"Hii, mume wangu."

Hapo ndipo lilipotendwa tendo. Baba Pacha akaitazama dhahabu kwa mara ya mwisho, akalichana jedwali vipande vinne, akatamka kwa sauti iliyofika hadi duka la jirani: "Mzee, nifungie ya kijivu." Mzee akaifunga kwenye gazeti, akakaza kamba mara mbili.

Jumamosi saa mbili asubuhi mwalimu aliandika ubaoni jina la Baba Pacha kando ya jina la mkunga, mahali palipokuwa pakimngoja kinyozi, na kinyozi akampa mkono kwa moyo mweupe, jambo lililomuudhi kidogo shujaa. Wakashuka. Zoezi la kwanza lilikuwa la kupeana hewa. Mkunga akapitisha kiganja kooni, ishara ya aliyeishiwa. Baba Pacha akautoa mpira mrefu kinywani mwake bila kutetemeka, akampa, naye akachukua kile kidogo cha kidevuni. Walipotimiza dakika mbili mwalimu akaashiria wabadilishane tena, kila mtu ashike chake. Mkunga akatikisa kichwa. Mwalimu akaashiria mara ya pili, akatikisa tena, akamshika mumewe mkono, akaondoka naye, akiivuta hewa ya ile regileta ya miezi saba mpaka mwisho wa safari.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na wino msiuhifadhi, uacheni umwagike: kwamba siku hiyo, katika maji ya mita nane, pasipo pango wala barafu wala meli iliyozama, mtu mmoja alimpa mkewe hewa aliyoiteua kwa jasho jingi, na mkewe akakataa kuirudisha.