Daktari wa Kongosho na Gari Lake

Valentine alisimama Garsen kunywa chai tu. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu baadaye aliapa kwamba hakuwa amekuja kumwibia mtu.

Meza ya pili alikaa Mzee Dhadho, mfanyabiashara wa mbuzi, mwenye tumbo lililotangulia kufika mezani. Chai ilipoletwa alikataa sukari kwa kuinua mkono, kama mtu anayekataa rushwa mbele ya watu. Kisha akala mahamri matano.

"Ana sukari," mhudumu akamnong'oneza Valentine. "Na si yeye pekee. Wenye sukari hapa wana chama chao."

Valentine akaweka kikombe chini. Ugonjwa ni huzuni. Ugonjwa wenye chama ni soko.

Wiki ileile alikuwa amesikia redioni daktari akieleza juu ya sindano mpya zinazoiga homoni za utumbo. Matajiri wa Nairobi wanadungwa mara moja kwa wiki, sukari inashuka na tumbo linapungua. Valentine alielewa nusu, na kwa kazi yake nusu ilitosha. Anayeelewa yote huanza kusitasita.

Akarudi Malindi. Akanunua koti jeupe la mtumba, mashine ya kupimia sukari, na sanduku la barafu la muuza samaki, ambalo aliliosha sana na bado likanuka samaki changu. Kwenye mlango wa gari lake, Probox, akabandika karatasi: UTAFITI WA HOMONI ZA UTUMBO NA SELI ZA KONGOSHO. Probox hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote. Nyumba alipanga, mke alikuwa amerudi kwao, simu ilikuwa na ufa. Gari lilikuwa zima. Asubuhi alilichungulia dirishani kwanza, ndipo akamkumbuka Mungu.

Hakukusudia kuuza dawa. Kuuza dawa bandia ni jela, na Valentine aliiheshimu jela. Aliuza nafasi ya kuingia katika utafiti. Anayetaka alipe mia tano za usajili, na mzigo wa sindano ukifika adungwe bure. Mzigo, bila shaka, ungechelewa.

Alianza na Dhadho.

"Ukila, mzee, utumbo unaipigia kongosho simu. Unasema chakula kimefika, toa insulini. Kwa mwenye sukari, simu inalia lakini kongosho inachelewa kushika. Sindano yetu inapiga mpaka ishike."

"Na tumbo?"

"Inapiga na kwa ubongo. Inakwambia umeshiba."

Dhadho akawaza. Kushiba ni jambo alilolisikia kwa watu.

"Nipe nafasi kumi."

"Mzee, mwili wako ni mmoja."

"Mwili mmoja, jamaa wengi. Wengine wako Hola, na wa Hola hulipa vizuri kuliko wa hapa." Pesa taslimu hakuwa nazo, zote zilikuwa zikila majani. Akatoa mabeberu wawili wanono. "Lakini daktari, hapa humtafiti mtu bila kupitia kwa Gladys."

Gladys alikuwa mwenyekiti wa chama chenyewe. Alilima mpunga na ndizi kando ya mto, na wanachama wake walifuata insulini na kliniki mpaka Malindi. Kila mwezi walichanga nauli, na ambao mchango haukuwatosha walibaki nyumbani. Mmoja wao, Adano, alibaki nyumbani miezi miwili mfululizo, na alipofikishwa hospitali alirudi na mguu mmoja. Tangu siku hiyo Gladys alikuwa akiomba gari. Aliwaomba wanasiasa, akayaomba mashirika, akamwomba Mungu. Wote walilipokea ombi.

Jambo jingine ambalo Valentine hakulijua ni kwamba watu wa Garsen wamechunguzwa sana. Ukiwatoa mbega wekundu wa mtoni, wale wanaofuatwa na wanasayansi, hakuna viumbe waliohojiwa kama wao. Wamehojiwa juu ya mafuriko, mbu, mpunga, ngamia, miti ya mathenge na amani. Wapo wanaojibu swali la nne kabla ya la tatu kuulizwa.

Gladys alimsikiliza Valentine mpaka mwisho wa simu ya utumbo.

"Nimeelewa, daktari. Ila wapo wenzetu ambao zile seli za kongosho zinazotoa insulini zimekufa kabisa. Kwao simu itashikwa na nani?"

Redio haikuwa imefika huko.

"Hilo ndilo tunalotafiti," alisema Valentine.

Gladys akaitikia kwa kichwa. Watafiti wote waliomtangulia walijibu hivyohivyo.

"Na usajili ni mia tano tu, mama."

Hapo Gladys akaacha kuitikia. Akamtazama yeye, kisha akalitazama gari, na kwenye gari macho yalikaa zaidi.

"Mia tano si neno. Nitawaita watu Alhamisi. Hilo gari ni lako?"

Daktari mwenye gari lenye karatasi ya utafiti mlangoni hawezi kusema ni lake. "La mradi, mama."

"La mradi," Gladys alirudia polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walikuja wa Minjila, wa Ozi, na mmoja wa Bangale ambaye alilala njiani. Wengine hawakuwa na sukari ila walikuwa tayari kuipata. Valentine akahesabu vichwa, akavizidisha kwa mia tano, akaona ahamie Nyali, kwa matajiri wa Mombasa.

Ndipo harufu ya nyama ikamfikia.

"Mama Gladys, wale mbuzi wangu niliowafunga nje wako wapi?"

"Wa chakula cha mchana? Wako jikoni. Mzee Dhadho amesema ni wako, tukashukuru. Watafiti wengine hutuletea keki."

Dhadho, mstari wa mbele, alitaka kusema mbuzi wale walikuwa malipo. Lakini angeulizwa nafasi kumi anataka kumuuzia nani, na wenye sukari wote walikuwa pale wakimtazama. Akatangazwa mfadhili, akapigiwa makofi. Aliletewa sahani mbili.

Baada ya kula Valentine akasimama, koti likiwa na doa la mchuzi.

"Ndugu zangu, sasa tulipe usajili."

Hakuna aliyekataa. Mzee Jotham akanyanyua fimbo. "Tumekubali, daktari. Mimi unikatie mia tano yangu kwenye alawansi, unipe inayobaki."

"Na mimi," akasema aliye nyuma yake.

"Na mimi, na mke wangu."

"Alawansi gani?" aliuliza Valentine.

Ukumbi mzima ukamgeukia. Walimtazama kama watu wanaomhurumia mgeni.

"Ya kikao," Gladys akamweleza kwa upole. "Kikao ni elfu moja, nauli mbali. Wa mbu alitoa elfu moja. Wa ngamia alitoa elfu na mia mbili, ila ngamia ni kazi ngumu."

Valentine akazidisha tena vichwa, safari hii kwa upande mwingine. Nyali ikamtoka. Akasema pesa ziko ofisi kuu Malindi, acha akazilete.

"Nenda tu," alisema Jotham. "Tutangoja."

"Nyumbani?"

"Hapahapa. Mwanangu, wa mafuriko tulimngoja siku mbili, na hata yeye, mwembamba kuliko wewe, hakupata pa kupenya."

Wawili watatu walikuwa wameshasogea wakaegemea mlango. Mmoja wao alikuwa polisi aliyekuwa likizoni, naye ana sukari, na nauli aliyodai ilikuwa ya kutoka Bura. Valentine alitazama mabega ya polisi yule kwa muda.

Gladys akamwinamia sikioni. "Daktari, watu wamechoka. Acha kitu cha mradi, nami nitawatuliza. Ukileta pesa unachukua chako."

"Kitu gani?"

"Wa mbu aliacha darubini. Wewe una nini?"

Alikuwa na sanduku linalonuka samaki, mashine ndogo, na ufunguo wa gari mfukoni. Gladys hakuangalia sanduku.

Jioni bodaboda ilimshusha njia panda ya Minjila. Nauli, aliambiwa, ameshalipiwa na chama.

Kwa siku chache Valentine alikaa Malindi akipanga. Kushtaki hakukuwezekana, maana shtaka lenyewe lingeanza na maneno "nilivaa koti la daktari." Mwisho akarudi Garsen na shati la kawaida, akamkuta Gladys barazani akichambua mchele. Probox ilikuwa uani, imeoshwa.

"Karibu, Valentine," alisema Gladys. Udaktari ulikuwa umeisha.

"Ulijua lini, mama?"

"Ulipoomba mia tano. Mtafiti wa kweli hutoa, haombi."

"Sasa mbona hukunifukuza?"

"Matapeli wengine wote huja kwa bodaboda." Akapuliza makapi. "Wewe ulikuja na gari."

Valentine akakaa chini bila kupewa kiti. "Nirudishie, mama. Sina kingine."

"Najua. Na Adano hana mguu." Alisema bila ukali, kama anayemtajia bei ya nazi. "Gari lenyewe limesimama tu tangu siku ile. Wenzangu wanaojua kuendesha, wote sukari imeshawaharibu macho. Jana Jotham alijaribu kulitoa, akasema njia panda zimekuwa mbili. Jumatatu ni kliniki, na watu kumi wanangoja kupelekwa."

"Probox haibebi kumi."

"Utakwenda mara mbili."

Valentine akaliangalia gari lake. Akawaza barabara ya Malindi, ambayo mbele inakuwa ya Mombasa. Akawaza wagonjwa wakishuka hospitalini mmoja mmoja, na ufunguo ukiwa mkononi mwake.

"Adano atakaa mbele nawe," alisema Gladys, akiendelea na mchele. "Yeye hatashuka, atapelekewa dawa garini. Na yule polisi atakaa nyuma yako. Leseni ya gari unayo?"

"Ninayo."

"Ya kweli?"

Valentine alitoa pochi, akapitisha vidole kwenye kitambulisho cha udaktari, cha uhandisi na cha uchungaji, mpaka akaipata. Aliishika muda mrefu akitafuta uongo wa kusema. Katika karatasi zote alizowahi kubeba maishani, ni hiyo tu aliyokuwa ameifanyia mtihani.