Pinyo Tatu za Mama Hamimu

Jumatano, 13 Januari 1999
Mashine ya kusaga ya Mama Hamimu, hapa mtaani Cibitoke, imesimama. Pinyo yake, lile gurudumu la meno, ilikuwa imelika. Leo imevunjika meno mawili. Mpya haipatikani. Tangu nchi jirani zituwekee vikwazo vya biashara, kipuri kimoja ni bei ya ng'ombe. Mama amesema atakayeizungusha mashine tena kabla ya Idi, Jumanne, atapewa chumba cha nyuma afanyie kazi. Chumba chenye bati! Mimi nafanyia kazi uani, mvua ikinyesha moto unazimika. Nakitaka mpaka nakiota usiku.

Fundi Ilyasi naye anakitaka. Ana mashine ya kukereza chuma na rula ya chuma, anapima hata msumari. Atamaliza mwakani. Mimi nitajaza meno yaliyovunjika kwa nta, nikandamize pinyo mchangani, nimwage aluminiamu iliyoyeyuka kwenye alama yake. Siku moja!

Alhamisi, 14
Aluminiamu imetoka kwenye sufuria ya Pascaline. Mke mwelewa. Hajajua bado.

Ijumaa, 15
Amejua. Leo sijala.

Pinyo inang'aa, ila kwenye mashine inacheza. Ndogo kidogo. Ilyasi akapita (anapita kila mara!), akanieleza taratibu kwamba aluminiamu ikipoa inanywea, na kwamba nimenakili hata kulika kwa meno. Eti kielelezo, kile ninachokandamiza mchangani, kiwe kikubwa kuliko pinyo yenyewe. Amefunga chakula, hajafunga maneno. Mwenye wivu ajinyonge!

Jumamosi, 16
Kosa nimeliona: kielelezo kilikuwa kikuukuu. Nimetumia pinyo yangu mpya. Sufuria ya pili.

Jumapili, 17
Imetoka ndogo zaidi. Ajabu. Nimeacha misa, nimemwaga ya tatu kwa kielelezo cha ya pili. Pascaline amehamia kwa dada yake Ngagara, pamoja na vifuniko vya sufuria.

Jumatatu, 18
Mama Hamimu akaiweka ya tatu kiganjani, akaitazama sana.

"Adolphe, hii ni ya kusaga pilipili."

Wanawake wenye ndoo za mihogo walicheka mpaka wakakaa chini. Mchana pinyo ya Ilyasi, ya chuma, ikaingia bila nyundo. Mashine ikanguruma. Chumba kikaenda kwake. Roho imeniuma, sifichi.

Jumatatu, 25
Vikwazo vimeondolewa juzi. Huko madukani Asiatique wafanyabiashara wanasema vipuri vitashuka bei mpaka tushangae. Nikaenda kumpa Ilyasi pole, maana nani atakerezewa pinyo tena? Hakuitaka. Alisema pinyo rahisi zitakuja nyingi, nyingi hazitaenea kwenye mashine bila kurekebishwa, na kazi itamzidi. Akasogeza meza yake, akanionyesha nafasi karibu na dirisha.

"Njoo tukae wote. Nitakufundisha kupima."

Mi? Nikashukuru kwa heshima, nikarudi uani. Mutu anapima kwa sababu hana jicho. Pinyo mpya zikifika nitanunua moja tu, nzima, haijalika hata jino moja, na kwa hiyo hiyo nitamwaga mia. Zitaenea zote. Mi nina jicho.