Wiki Niliyopewa SQ

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimefika Voi! Kutoka Same nimebadilisha magari matatu. Nyumba ya dada yangu Nakunda si nyumba, ni wilaya. Vyumba saba, mpishi jikoni, mlinzi getini, na mama mwingine anakuja kupiga pasi tu, akimaliza anakwenda zake. Mumewe, Shemeji Mwadime, ana malori yasiyohesabika barabara ya Taveta.

Nia yangu ni moja: Shemeji anipe kazi kwenye malori. Nanzia, mke wangu, alinisindikiza stendi akaniambia nikirudi tena mikono mitupu nitamkuta kwao, yeye na watoto. Hakupiga kelele. Ndiyo maana naogopa.

Lakini kazi haiombwi. Ukiomba unapewa ya kufagia. Kwa hiyo Shemeji aliponiuliza mezani nafanya nini siku hizi, nilicheka. Nikasema nimeacha nafasi kadhaa, nimekuja kupumzika, na ndani ya nyumba hii sitaki hata kulisikia neno kazi. Akanitazama, akasema sawa, pumzika shemeji. Nimemvutia, nimeona.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshindwa kutulia. Tangu asubuhi nimeizunguka nyumba mara tisa. Kupumzika kwa matajiri kunachosha kuliko kulima!

Niliingia jikoni kwa Auma, mpishi. Nikatumia Kiswahili cha watu waliolelewa: samahani dada, pole na shughuli, nilikuwa naomba, kama haitakusumbua, unisaidie chumvi. Auma akaacha kukata sukuma wiki, akafuta mikono, akavuta kiti. Akauliza shida ni gani sasa. Nikasema chumvi. Akasema chumvi si hiyo mbele yako, yeye alidhani nimefiwa.

Hilo dogo. Kubwa nililiona dirishani. Shemeji ameketi getini kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai na Mutuku. Mutuku ni mlinzi! Na kikombe alichoshika ni kile cha maua nilichopewa mimi mgeni. Wakaongea habari za malori nusu saa nzima, mimi nimejibanza nyuma ya pazia. Mutuku lazima aondoke.

Jumatano, 5 Machi

Mpango: kuonyesha kwamba Mutuku halindi kitu. Saa saba mchana, jua la Voi linachoma mpaka mijusi imejificha, nikavaa kofia ya Shemeji na miwani nyeusi. Nikatoka, nikazunguka nyuma, nikapanda ukuta. Ningetua ndani, nipige kelele, Mutuku aaibike.

Suruali ikanasa kwenye vigae vya chupa. Nikaning'inia! Mutuku hakuchukua hata dakika, huyo na rungu. Nikamwambia mimi ni shemeji. Akasema wezi wote hapa Voi ni mashemeji wa mtu. Alinijua, naapa alinijua. Shemeji akaja, Nakunda akaja, Auma akaja na mwiko. Shemeji akamsifu Mutuku mbele ya wote, akasema mtu mwenye macho kama haya anapotea bure getini. Suruali yangu iko ukutani hadi sasa, hakuna aliyejitolea kuitoa.

Alhamisi, 6 Machi

Nilijifungia chumbani mpaka chai ya saa nne. Halafu, neema! Nikipita barazani nilimsikia Shemeji akimwambia Nakunda kwamba Jumamosi Mutuku anahamia Taveta, na kaka yako tumweke SQ. Nakunda akauliza kama nitakubali. Shemeji akasema mbona nitafurahi, huko nitajitawala mwenyewe.

SQ! Sijui ni nini na sikuuliza, maana anayeuliza anaonekana hajui. Lakini nimetumia akili. Kiswahili hakina Q, basi lazima hiki ni cheo cha Kiingereza, tena cha juu. S ni Senior. Q nitaelezwa nikishakabidhiwa ofisi. Na Mutuku anatupwa Taveta! Ndivyo anavyolipwa mtu wa kunywea watu vikombe vyao.

Nikampigia Nanzia. Nilipomwambia nimepata, akalia. Kumbe alikuwa ameshafunga nguo za watoto kwenye begi. Nami nikalia kidogo. Nampenda mwanamke yule, na sijamwambia siku nyingi. Badala ya kumwambia hilo nikamwambia kwamba SQ ni zaidi ya meneja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya mazoezi ya sahihi mpya yenye Q. Mkia wake unanipendeza.

Nimemtaarifu Auma kwamba kuanzia kesho mimi ni wa SQ, abadili namna ya kunijibu. Alicheka mpaka akakalia gunia la viazi vya Wundanyi. Akauliza kama nimeshaiona. Nikasema cheo hakionwi, kinaheshimiwa. Akafuta machozi, akasema karibu sana, jirani. Jirani! Wivu huo.

Jioni Nanzia amepiga simu. Mchungaji ameshapanga Jumapili kuwa na shukrani kwa ajili yangu, na kwaya imeombwa iandae wimbo. Moyo unanienda mbio. Ni furaha, nadhani.

Jumamosi, 8 Machi

SQ ni chumba. Chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, wanakokaa wafanyakazi. Kenya nzima inajua: S ni Servants, yaani watumishi, na Q ni Quarters, makazi yao. Wazazi wa Shemeji wanashuka kutoka Werugha kukaa wiki mbili, wanahitaji chumba changu. Nakunda alinibebea begi mwenyewe. Ng'ambo ya ukuta anakaa Auma. Kwenye msumari limetundikwa koti la Mutuku.

Mutuku mwenyewe alikuwa anapanda lori, shati jeupe, faili kwapani. Ni meneja wa yadi ya Taveta! Shemeji akanieleza taratibu. Nafasi ile aliniwekea mimi tangu Januari, ndiyo sababu walinialika. "Lakini shemeji, si wewe ulisema hutaki kusikia maneno ya kazi? Sasa mimi ningekulazimisha aje?"

Nakunda alitazama chini. Akasema kaka, ungesema tu. Niliona aibu, aibu ya kweli, nikatamani Mutuku anipige lile rungu.

Shemeji akasema kama nimechoka kupumzika, geti halina mtu. Nimekubali.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza getini. Koti linanifika magotini, na joto hili! Nakaa, nasimama, nakaa.

Saa tano Nanzia akapiga simu. Waumini wamemchangia nauli. Anakuja Jumatano na watoto, pamoja na mchungaji, waione hiyo SQ. Sauti yake ilikuwa ya msichana niliyemwoa. Nilitaka kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo kabisa.

Ndipo wazo likaja! Wakifika nitawaambia nyumba kubwa tumewaachia wageni, sisi wenyewe tunapenda kukaa nyuma kwenye utulivu. Wazee wa Werugha watakuwa wageni wangu. Nakunda atakuwa dada aliyekuja kunisalimia. Auma amekubali kuniita mzee siku hiyo moja, mradi nifue mapazia yote ya sebuleni. Nimeshaloweka.

Limebaki jambo moja dogo. Nikiwa mwenye nyumba, getini anahitajika mtu. Kesho asubuhi namwomba Shemeji avae hili koti Jumatano, atufungulie, na kama hatajali ampokee mchungaji mizigo. Hawezi kukataa. Tangu Jumamosi tunaelewana sana.