Mgonjwa wa Tuzo

Jumatatu, 3 Machi
Tumebaki wawili! Tuzo ya Heshima ya Maisha katika Sanaa. Tangazo limebandikwa mlangoni pa jumba la maigizo. Nimelisoma mara tatu, ya tatu kwa miwani ya bawabu. Mimi na Tarumbeta, kaka wa mke wangu. Miaka arobaini nimechora mapazia ya jukwaa hilo: misitu, majumba, mawingu ya mvua. Yeye kapuliza tarumbeta tu. Na atapewa yeye, kwa sababu watu wanampenda. Sikula.

Jumatano, 5 Machi
Penye nia pana njia! Nimekagua picha za washindi wa zamani pale ukumbini. Mmoja na mkongojo, mwingine kwenye kiti cha magurudumu, watatu walikufa kabla mwaka haujaisha. Kamati haitazami kazi, inatazama nani anaondoka. Na mimi mzima kama kigogo, bahati mbaya iliyoje! Kuanzia kesho naumwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejipaka rangi ya mawingu usoni. Nyeupe, kijivu, tone moja la kijani. Kazi safi! Katibu wa kamati kaja na mfuko wa machungwa, akatokwa na machozi. Nikakohoa. Alipoondoka mke wangu akauliza foronya atafua nani. Akaongeza kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Pole hata moja sikuambiwa.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji Tarumbeta amekuja kunitazama. Alipumzika mara nne kwenye ngazi, nilimsikia. Amekaa saa tatu, kanishika mkono, kaniambia nisiogope. Akakumbusha siku pazia langu la bahari lilipoanguka katikati ya onyesho. Alisimama mbele akapuliza peke yake mpaka tukalitundika tena, na watazamaji wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Hakuna aliyejua aibu yangu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikakohoa. Naye akakohoa, na kikohozi chake hakikwisha upesi. Uso wake ulinisumbua. Rangi niliyohangaika kuichanganya asubuhi nzima, yeye anayo bure.

Jumanne, 11 Machi
Tarumbeta amejitoa! Ameiandikia kamati kwamba shemeji yake hana muda, yeye atangoja mwaka ujao. Nilicheka mpaka rangi ikapasuka shavuni. Mke wangu hakucheka. Kasema mapafu ya kaka yake yamekwisha, daktari hampi hata miezi miwili, na mwenyewe alikataza nisiambiwe, nisije nikakata tamaa. Nikamuuliza kwa nini basi hakumwambia kaka yake kwamba naigiza. Akajibu kwamba angemuua kabla ya siku zake. Nimejisikia mchafu. Nitakiri. Kesho. Au baada ya sherehe, kiungwana.

Jumamosi, 15 Machi
Nimepewa! Sanamu ya shaba, nzito. Nilipandishwa jukwaani nimeshikwa kwapani huku na huku, ukumbi mzima ukasimama. Hotuba kurasa sita. Mke wangu anasema kaka yake sikumtaja hata mara moja. Nilidhani nilimtaja. Kutoka hapo tukaenda hospitali, amelazwa tangu jana. Akaomba aishike sanamu. Nikamwekea kifuani, ikamlemea, nikaiondoa. Akasema nilistahili. Nikafungua mdomo nikiri. Muuguzi akatangaza kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Nilifurahi kumsikia. Mungu anisamehe.

Jumatano, 19 Machi
Tumemzika Tarumbeta. Nimelia mpaka nikashikwa, na safari hii sikuigiza. Nilimpenda yule mtu, na wiki mbili nzima sikumwambia neno moja la kweli. Mke wangu haongei nami. Ana haki.

Kisha mwenyekiti wa kamati akasimama kando ya kaburi akatangaza kwamba jukwaa kuu litaitwa kwa jina la marehemu. Jukwaa! Nililolipamba mimi miaka arobaini! Mimi nina sanamu ya kuzuia mlango usijifunge, yeye kapewa jukwaa zima. Nilimfuata mwenyekiti pembeni nikauliza, kwa upole, utaratibu ukoje. Akanieleza kwamba jina la msanii halibandikwi ukutani mpaka afe.

Nimeliwaza hilo njia nzima. Chumba cha mazoezi bado hakina jina. Jumatatu nakwenda kwa dada yangu, anakaa mbali. Nitamwomba atangaze msiba wangu.