Kweyu Alivyolitia Tawi Bomba la Moshi

Tegeni masikio, enyi wana wa Kariobangi, na nyinyi mliorundikwa ghorofa juu ya ghorofa kule Pipeline! Zimeni redio, epueni sufuria, nikawasimulie siku ambayo Kweyu, Nyundo ya Kariobangi, Mnyoosha Mabati Yaliyokaidi, alilitoboa bomba la moshi katika kantini ya kiwanda cha sabuni, Industrial Area, akalitia tawi, nalo likasalimu amri.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Bomba lile la bati, la pembe nne, pana kama jeneza la tajiri, lilipita juu ya sufuria za ugali likimeza moshi wote. Lakini jiko la chapati, pale konani, halikulifikia. Konani ndiko alikotawala Benta, Malkia wa Chapati, akilia kutwa kama mfiwa. Asubuhi hiyo alikuwa ameapa mbele ya wapishi wote: "Moshi huu ukinitoa machozi tena leo, navua aproni, narudi kwetu Ugenya. Nyinyi mtakula sabuni."

Kweyu akapanda ngazi. Akalikata bomba ubavuni kwa mkasi wa bati, nalo likalia kama fahali machinjioni. Akaitumbukiza tunduni shingo ya tawi, lile bomba dogo la kuvuta moshi wa chapati, ikaingia kama mguu katika soksi. Lakini shingo ile ilikuwa na masikio ya bati yaliyotakiwa kukunjwa kwa ndani ili isichomoke. Shujaa akapenyeza mkono hadi kwapani, akayalaza moja baada ya jingine. La mwisho lilipolala, akauvuta mkono. Mkono ukagoma.

"Enyi wapishi!" akanguruma. "Nimenaswa! Mwambieni mke wangu Nekesa kwamba nilianguka nikimkabili adui! Ukateni mkono huu mkitaka, lakini tawi msilitoe!"

"Hakuna kitu kitakatwa hapa," akasema Benta. "Fundi, tulia. Maurine, leta mafuta ya kukaangia."

Maurine, mwosha vyombo, akapanda juu ya kreti la soda, akammiminia mafuta begani. Wapishi wakamkamata kiuno, wakavuta kwa nyimbo za kanisani. Puu! Mkono ukachomoka, na jeshi zima likaporomokea magunia ya unga. Saa ya mkononi ya Kweyu, iliyokuwa imenasa, ikabaki ndani.

Akainuka, mweupe kama mzuka, akaliunganisha tawi na kofia ya bati juu ya jiko la chapati. Feni ya kuvuta moshi bombani ikawashwa. Saa ikasikika ikibingirika bombani, ga-ga-ga, kuelekea isikojulikana. Kweyu akaipigia saluti. Kisha moshi wa jiko ukapanda, ukasita, ukainamisha kichwa, ukaingia tawini kama muumini aliyechelewa ibada.

Benta akafuta macho, akamtazama mkombozi wake bila ukungu kwa mara ya kwanza.

"Kumbe fundi una mvi hivi? Mimi nilidhani ni kijana!"

Falme zimeanguka, na nyingine zitaanguka. Lakini iandikwe kwamba mchana ule zamu nzima ilikula chapati, na aliyezipika hakulia.