Ukurasa wa Harusi Usiokuwa na Inshallah

Kwa Mheshimiwa Fundi wa Kompyuta, mwanangu Mzamil Athman, Nairobi.

Kutoka kwa mamako, Mji wa Kale, Mombasa.

KUH: KUONDOLEWA KWA UKURASA WA HARUSI YA SWABRA PAMOJA NA DAFTARI LAKE

Assalamu alaikum. Kabla sijakuudhi, nakusalimu. Mimi sijambo, ila presha inapanda na kushuka, na anayeipandisha unamjua. Babako hajambo, yuko barazani na gazeti la juzi. Nyanyako hajambo, anauliza kama huko bado kuna baridi na kama unavaa fulana ndani. Dadako Swabra hajambo kwa mwili, moyo wake nitakueleza hapo chini. Caroline, mpangaji wetu wa juu anayefanya kazi ofisi za bandarini, hajambo, kila Jumapili akirudi kanisani hupita kukuulizia. Paka naye amezaa watatu, wote wazima. Sote twakusalimu mmoja mmoja, kwa hivyo ukijibu, jibu mmoja mmoja.

Naandika kwa kalamu kwa kuwa jambo hili ni la kiofisi. Swabra ataipiga picha barua hii akutumie.

Mwanangu, leo ni Alhamisi. Kupamba, siku ya wanawake kumtazama bibi harusi, ni Jumamosi ya wiki ijayo, siku tisa tu, na mji mzima hakuna mwanamke aliyealikwa. Wajua mambo yetu. Mwalishi wetu ni Bi Mishi. Hupanda ngazi, huvua viatu, humtaja bibi harusi na mamake, siku na mahali, hunywa kahawa, akatoka. Ambaye Bi Mishi hakuingia kwake haji, hata kama ukuta wetu ni mmoja. Wewe ukasema mambo ya kutembea yamepitwa, utatengeneza ukurasa wa mtandao. Haya, umetengeneza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukurasa wako ni mzito kuliko kabati la mvule. Mtu akiufungua, kwanza kiduara kinazunguka. Kisha pazia linafunguka, maua yanaanguka, taarabu inapiga, na picha za Swabra zinapita moja moja tangu hana meno. Siku yenyewe ya harusi umeiweka chini kabisa. Mama Fuad wa mlango wa pili, bando lake liliisha Swabra akiwa darasa la nne. Mpaka leo hajui harusi ni lini.

2. Kabla ya hayo yote, ukurasa wataka mtu ajiandikishe na aweke neno la siri. Siri gani, mwanangu, na harusi ni jambo la kutangazwa? Bi Mishi nilimpelekea simu kwa mkono wangu, kwa heshima, aone kazi yake mpya ilivyo. Akaandika jina la marehemu mumewe. Ukurasa ukamjibu kwa maandishi mekundu: dhaifu. Marehemu alikuwa kuli wa bandarini, akibeba magunia mawili kwa mpigo. Bi Mishi alinirudishia simu akafunga mlango. Leo siku ya nne haujafunguka. Kila alasiri napita pale nakohoa, haitikii mtu.

3. Hili ndilo kubwa. Umeweka vitufe viwili, Nitakuja na Sitakuja. Wewe umezaliwa mtaa huu, nani hapa umemsikia akisema atakuja, hivi hivi, kama kwamba kesho iko mfukoni mwake? Na nani atakayesema haji, aje alaumiwe mpaka kaburini? Sisi husema inshallah. Kitufe cha inshallah hakipo. Akina mama wa mtaa wa Kibokoni waliofaulu kufika kwenye vitufe hivyo walikaa wakivitazama mpaka magharibi. Huku dhambi, huku lawama, wakazima simu. Ndiyo maana hesabu yako inasema watakuja watu kumi na mmoja, na tisa kati yao ni rafiki zako wa Nairobi.

4. Hesabu hiyo ukaitia kwenye lile daftari lako la kompyuta, lenye visanduku vilivyopangwa juu kuja chini. Caroline amenieleza polepole mpaka nikaelewa. Kila kisanduku hungoja kuamrishwa peke yake, na cha juu kikibadilika, cha chini hakina habari mpaka nacho ukiamshe. Nilipokugombeza, kisanduku cha juu ulifuta kumi na mmoja ukaandika mia nne. Kile cha mchele kule chini hukukigusa. Kikaendelea na mawazo yake ya zamani, na oda ikatumwa hivyo hivyo kwa Kitsao mpishi: mchele kilo mbili, kuku wawili. Kitsao, aliyezoea kupikia harusi kwa magunia, alikuja hapa kofia mkononi akanipa pole. Alidhani posa imevunjika. Kabla sijamjibu, Swabra amekwisha kumsikia kutoka chumbani, na kilio kikaanza. Kufika isha, wakwe wanapiga simu kuuliza wamekosa nini.

5. Tangu hapo watu wanakuja kunifariji. Nawapikia chai na mahamri, nitafanyaje. Jana walikuwa ishirini na watatu, yaani zaidi ya mara mbili ya wale uliowapata wewe kwa pazia na maua yako. Nilitamani niwaalike papo hapo, lakini mtu aliyekuja kukupa pole utamwalikaje kwenye jambo lile lile analokupa pole kwalo?

Kwa hayo, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu.

Ukurasa uufute. Roho ikikuuma, acha karatasi nyeupe yenye mistari minne: bibi harusi, bwana harusi, siku, mahali. Kisizunguke kitu, kisianguke kitu, asiulizwe mtu siri yake.

Daftari nalo lifunge. Hesabu andika kama watu wanavyoandika, mstari wa juu mpaka wa chini, na ukigusa wa juu uanze tena yote. Mimi nahesabu kwa masinia, watu watano sinia moja, nikimaliza masinia ndipo nauliza mchele. Shule niliishia darasa la tatu, lakini sijawahi kuwapikia watu mia nne mchele wa watu kumi na mmoja.

Kisha panda treni uje. Ukae kizingitini kwa Bi Mishi mpaka afungue, umtake radhi, umbebee mkoba na mwavuli nyumba kwa nyumba. Bi Mishi hataki umeme wala bando. Anajua nani hasemi na nani, na nani aalikwe kabla ya nani asije akanuna. Na inshallah ya mtu, akiisikia tu mlangoni, anajua kama ni ya kuja au ya kutokuja. Tengeneza kompyuta ya kufanya hivyo, nami nitauza bangili zangu niinunue.

Mwisho, mkubwa wako wa kazi naye umlete. Nitamwandalia chumba. Akae na Bi Mishi wiki moja akijifunza, akirudi Nairobi awafundishe mafundi wote, na hizo mashine mzigawe kwa wenye haja nazo. Sioni kwa nini serikali nayo isifanye hivyo hivyo.

Nisalimie wenzako wa nyumbani, mlinzi wa getini, na huyo Kate wa ofisini ambaye jina lake unalitaja kuliko langu. Kula, usingoje njaa ikukumbushe. Nijibu leo hii, kwa sauti, si kwa maandishi. Siku tisa si siku.

Ni mimi mamako mzazi, mwenye hofu nawe na mapenzi,

Tima Bakari

Nyongeza: Nilikuwa sijampa Swabra barua hii aipige picha, Bi Mishi akafungua mlango. Nikamwendea mbio, na radhi kwa niaba yako nimekwisha kumtaka mimi. Akanikalisha kitandani akaniambia, "Tima, kijana usimguse. Miaka arobaini napanda ngazi za watu kwa magoti haya, na hakuna aliyewahi kuniuliza yanauma wapi. Nilipoona kimepatikana kitu cha kupanda badala yangu, nilifunga mlango nikalala." Mkoba wake alikuwa amekwisha kuutoa kabatini, akanivika mimi begani, akanitajia nyumba zote kwa mpango. Ni themanini. Tangu adhuhuri nimemaliza tatu, kila moja ghorofa tatu na kahawa mbili, na moyo wanienda mbio. Haya nayaandika nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya nne, katikati, wenyewe wananisubiri huko juu wala mimi sioni nitafikaje. Yote niliyoyalalamikia yahesabu hayakuandikwa. Ukurasa usiufute, mwanangu. Ukiamshe na kile kisanduku cha mchele, kisha uje.